Hodi ya Tatu

Mtaa mzima wa Mkunguni ulishakubaliana kwamba Mzee Indravadan amechanganyikiwa. Mtu ameuza sindano, bobini na mikanda ya cherehani kwa miaka thelathini, watoto wa watu wamezaliwa na kuoa akiwa nyuma ya meza ileile, leo anatafuta fundi wa kumjengea seva isiyozimika. Hakusema ya kuzimika mara mojamoja. Alisema isiyozimika, tena Kariakoo, tena mwaka elfu mbili, wakati umeme ulikuwa ukija kama mgeni mwenye haraka, unakaa ukingoni mwa kiti na kuondoka kabla ya chai.

Fundi aliyepatikana alikuwa Kuruthumu Sadalla wa Magomeni, msichana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye mikono myepesi na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuota macho wazi. Ungeweza kuzungumza naye habari za nyaya akakuitikia vizuri kabisa, kumbe mwenzako anatazama mapaa ya ng'ambo na kuziona barua zikitembea juu ya mabati, mojamoja, zimejitanda kanga, zinatafuta milango. Hakumwambia mtu mambo hayo. Wateja walitaka kompyuta ziwake, basi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Pita ndani uione mwenyewe."

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye kompyuta nne za wateja, na ya tano pembeni, haina hata kioo, inavuma peke yake. Hiyo ndiyo seva. Tangu serikali ifungue biashara huria na kila mwenye fremu ya duka Kariakoo aanze kuagiza mali Dubai na Guangzhou, wafanyabiashara walikuwa wakija kwa Indravadan kuandika na kupokea barua pepe, na kila mmoja alikuwa na sanduku lake ndani ya mashine ile. Ikizimika kwa muda, barua zinasubiri njiani. Ikizimika sana, zinarudi zilikotoka. Mwezi wa tano mkandarasi mmoja alikuwa akichimba mtaro, akakata waya wa simu, na duka likakaa siku sita bila mawasiliano. Wateja walinung'unika, wakasahau. Indravadan hakusahau. Alikonda.

"Mzee, hata mabenki yanazimika," Kuruthumu alimwambia.

"Benki na wazime. Mimi nataka mtu akibisha hapa, siku yoyote, saa yoyote, ajibiwe."

Kuruthumu alilisikia hilo neno, akibisha, likamkaa. Watu wengine husema akiandika, au akituma.

Kazi ikaanza. Kwanza betri, nne za lori, zikapangwa chini ya ngazi pamoja na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri, ili umeme ukikatika seva isihisi. Halafu laini ya pili ya simu, iliyopitishwa upande wa uani, mbali na ile ya kwanza. Kuruthumu alikuwa angali na wasiwasi. Vyote vikikaa Kariakoo, shimo moja la mkandarasi linavimaliza vyote. Ilitakiwa seva ya pili, mbali, nyumba nyingine, umeme mwingine, simu nyingine, inayohifadhi nakala ya kila kitu na kukaa tayari.

"Iweke kwa mtu unayemwamini," alisema Indravadan.

Kuruthumu alimwamini mtu mmoja tu duniani, mama yake. Basi mashine ikaenda Magomeni Mapipa, ikawekwa chumbani kwa Bi Salma juu ya kabati la vyombo. Pantaleo, fundi wa antena, akapanda juu ya mabati huku akitukana jua, akasimamisha mlingoti unaotazamana na mwingine aliousimamisha Kariakoo, nyumba mbili zikawa zinaonana juu ya vichwa vya watu wote.

"Sasa hii ndiyo nini?" Bi Salma aliuliza.

"Seva, mama. Ile ya Kariakoo ndiyo kubwa, inafanya kazi. Hii inakaa tu, inaangalia. Ile ikianguka, hii inashika nyumba."

Bi Salma akacheka mpaka akashika ubavu. "Si useme hii bi mdogo! Mwanangu, mimi nimekuwa bi mdogo miaka kumi na minne. Hiyo kazi ya kukaa tayari naijua, hunifundishi."

Kuanzia siku ile mashine ya Kariakoo ikaitwa Bi Mkubwa na ya Magomeni Bi Mdogo, na hata Indravadan, ambaye hakuwa mtu wa mizaha, alikuwa akiuliza asubuhi Bi Mdogo ameamkaje. Bi Salma alimpenda mwenzake huyo kupita kiasi. Wiki ya kwanza tu alimfunika kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha wageni, asipate vumbi, naye Bi Mdogo akapata joto nusura aungue. Kuruthumu aliondoa kitambaa. Kesho yake akakikuta kimerudi. Walibishana siku tatu, na mwisho wakapatana kitambaa kikunjwe kikae chini ya mashine, siyo juu.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko nyaya. Bi Mdogo atajuaje kwamba mwenzake ameanguka? Kuruthumu aliliwaza jambo hilo siku nzima ya Ijumaa, na mchana akajilaza kwenye mkeka barazani, jua limelala juu ya Magomeni kama blanketi, mtaa hauna sauti ila cherehani moja mbali. Yuko nusu usingizini akasikia mtu mlangoni.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kimya. Mama yake alikuwa akisali ndani.

"Hodi jamani!"

Halafu kandambili zikaondoka, taratibu, zikapotelea uchochoroni. Kuruthumu alizisikiliza zinavyokwenda, na alipofumbua macho kazi ilikuwa imeshakwisha kichwani. Hodi tatu. Watu wote wa pwani hii wanajua: ukipiga hodi tatu hukujibiwa, unakwenda zako. Mashine nazo zitafanya hivyohivyo.

Akaandika programu. Kila dakika Bi Mkubwa anamtumia Bi Mdogo kijibarua kisicho na kitu ndani, kichwa chake neno moja tu, Hodi, na Bi Mdogo anajibu Karibu. Halafu zamu inageuka. Bi Mdogo akipiga hodi tatu pasipo jibu, anajua mwenzake amelala, anashika nyumba. Kwa kuwa vijibarua hivyo vingekuwa maelfu kwa siku, na maelfu hujaza nyumba, Kuruthumu aliongeza amri moja: barua yoyote yenye kichwa Hodi ijibiwe Karibu, kisha itupwe. Alipaswa kuandika pia barua hiyo iwe imetoka kwa nani. Hakuandika. Mtu gani mwingine, alijiambia, ataliandikia duka la sindano neno Hodi?

Alikuwa na furaha siku zile. Akitembea kati ya wapagazi na mikokoteni alizisikia hodi zake zikipita juu, kutoka mlingoti hadi mlingoti, hodi karibu, hodi karibu, na mji mzima ukawa kama nyumba moja kubwa ambayo ndani yake kuna mtu macho.

Alasiri moja Bhagwati, mke wa Indravadan, alimletea chai ya tangawizi na ganthia, vile vitafunio vya unga wa dengu, kwenye sahani. Walikaa wawili nyuma ya duka. Mzee alikuwa mbele, akibandika vikaratasi juu ya pakiti za sindano zinazokwenda bara. Kila kikaratasi kilikuwa na jina la duka na anwani ya barua pepe.

"Mama," Kuruthumu aliuliza, "kibao cha nje kimeandikwa Zalak Cherehani. Zalak ni nani?"

Bhagwati alitazama mlango wa mbele kwanza. "Binti yetu. Mtaa mzima walikuwa wakimwita huyu mzee Baba Zalak. Akawa akiitwa haitiki, mpaka wakaacha."

Akaeleza kwa sauti ya chini, huku akivunja ganthia vipande asivyokula. Zalak alimpenda mwalimu mmoja, Severine, Mkatoliki wa Bukoba. Baba yake alimwambia akivuka kizingiti kwa ajili ya mtu yule asirudi. Akavuka. Jioni ya ndoa, simu ya dukani ikalia.

"Tulijua ni yeye. Mimi nikasimama. Mzee akaweka kiganja juu ya simu, hivi, ikalia mpaka ikachoka. Ikalia tena. Kiganja kipo. Ikalia mara ya tatu." Bhagwati akajifuta vidole na pindo la sari. "Wewe ni mtoto wa Kiswahili, ya tatu unajua maana yake. Zalak naye amezaliwa hapahapa Kariakoo, amecheza na watoto wa hapa. Anajua vilevile."

"Haikulia tena?"

"Miaka minane. Walikwenda Bukoba, wakahama tena, hatujui walipo. Mtu mmoja anasema Mwanza, mwingine Musoma. Mzee hasemi kitu. Anabandika karatasi zake kwenye sindano, anadhani mimi sijui kwa nini."

Kuruthumu aliweka kikombe chini. Aliona aibu kwa vile alivyowahi kumcheka mzee yule moyoni. Kumbe betri, milingoti, laini mbili, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, vyote hivyo vilikuwa vya mtu mmoja, ambaye huenda siku moja atafungua pakiti ya sindano mahali fulani bara akaona jina lake. Siku hiyo lazima akute mtu.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa nne kasoro, transfoma ya mtaani ililipuka kwa kishindo kilichowafanya wauza mitumba walale chini. Betri za chini ya ngazi zikashika, kisha inveta nayo ikatoa moshi, Bi Mkubwa akanyamaza. Indravadan alitoka nyuma ya meza mikono imelegea. Kuruthumu alipiga simu Magomeni kutoka duka la jirani.

"Mama, Bi Mdogo anafanyaje?"

"Taa zake zote zinachezacheza kama yuko ngomani," alisema Bi Salma. "Ameshika nyumba huyo. Usimtilie shaka."

Na kweli alishika. Kwa saa mbili nzima Kariakoo haikuwa na umeme, na barua za Kariakoo zilikuwa zikipokelewa juu ya kabati la vyombo Magomeni, hata moja haikurudi. Umeme uliporejea zikarejeshwa zote. Indravadan alimshika Kuruthumu mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa. Kuruthumu alilala fofofo siku ile.

Alhamisi asubuhi alikaa Magomeni kukagua daftari la Bi Mdogo, ile orodha ambamo mashine huandika kila inachokifanya. Alitaka kuziona zile saa mbili kwa macho yake, azifurahie tena. Saa nne kasoro dakika sita: hodi, hakuna jibu. Hodi, hakuna jibu. Hodi, hakuna jibu. Nashika nyumba. Vizuri sana. Akashuka taratibu, mstari kwa mstari. Barua imepokelewa, barua imepokelewa.

Saa nne na dakika kumi na saba: hodi imepokelewa. Karibu imejibiwa. Hodi imetupwa.

Akaisoma tena. Bi Mkubwa wakati huo alikuwa amezimika. Maiti haibishi mlango. Sasa hodi hii ya nani?

Akatafuta anwani ya aliyetuma. Ilikuwa ya duka la barua pepe, la kukodi kwa saa, huko Mwanza.

Akatafuta barua yenyewe ingawa alijua. Alitafuta kwa Bi Mdogo, akatafuta kwenye nakala, akatafuta kwa Bi Mkubwa. Ilikuwa imetupwa kwa amri yake mwenyewe, ikatupwa vizuri, maana alikuwa fundi mzuri. Labda ilikuwa na kurasa mbili ndani. Labda ilikuwa na namba ya simu. Bi Salma alimkuta amekaa sakafuni amejishika kichwa.

"Nimemfukuza, mama. Miaka minane mzee anamngoja, amekuja, mimi nimemtupa."

"Kamwambie mwenyewe," alisema Bi Salma. "Asisikie kwa mashine."

Alikwenda kwa miguu, kutoka Mapipa hadi Kariakoo, ili safari iwe ndefu. Barabara ilikuwa ikielea kwa joto, na juu ya mabati hakuona barua hata moja. Indravadan alikuwa akihesabu bobini. Kuruthumu alisimama mbele ya meza, akasema yote bila kupumua, ile amri, ile Jumanne, ile Mwanza.

Mzee aliweka bobini chini. "Ilisema nini?"

"Sijui, mzee. Imefutika. Limebaki neno la juu tu."

"Neno gani?"

"Hodi."

Bhagwati alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kupandia nyumbani kwao juu, akajishikilia ukuta. Indravadan hakusogea.

"Na sisi tulijibu?"

"Bi Mdogo alijibu, mzee. Dakika ileile."

"Alisema nini?"

"Karibu."

Indravadan alikaa. Machozi yalimtoka bila yeye kuyapangusa, mbele ya mteja aliyekuja kununua mkanda wa cherehani. Kuruthumu alidhani analia kwa hasara. Alisema ataandika Mwanza sasa hivi, ataomba wamtafute, ataeleza kwamba ilikuwa ni kosa la mashine. Mzee akatikisa kichwa.

"Usiandike kitu. Mtu akishaambiwa karibu, humpigii tena kelele. Unafagia." Akainuka akachukua ufagio mwenyewe.

Treni ya Mwanza iliingia Jumamosi. Hakuja mtu. Bhagwati alikuwa amepika kana kwamba kuna harusi, chakula kikagawiwa wapagazi. Ikaingia nyingine Jumatatu, hakuja mtu. Kuruthumu alikuwa akifika kila siku akijifanya anarekebisha inveta, roho juu juu, hatazamani na mzee. Huenda yule mtu wa Mwanza hakuwa Zalak. Huenda alikuwa yeye, akasoma neno moja kavu la mashine, akaona baba yake hakuwa na la kuongeza.

Jumatano mchana, saa ile ambayo hata Kariakoo husinzia, feni inazunguka, wapagazi wamelala ndani ya mikokoteni yao, sauti ikasikika. Haikutoka mlango wa duka. Dukani watu hawapigi hodi, wanaingia tu. Ilitoka mlango wa pembeni, wa uani, unaopandia nyumbani.

"Hodi."

Bhagwati alikuwa juu, hakusikia. Indravadan alisikia. Alisimama wima nyuma ya meza, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka.

Kuruthumu alimtazama. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake yeye, jepesi, tayari. Kazi yake yote ya miezi minne ilikuwa hiyo, kujibu pale mwenyewe asipoweza.

"Hodi hapa."

Kiganja cha mzee kilikuwa kimelala juu ya meza, pale simu ilipokuwa ikikaa zamani. Kuruthumu akauma ulimi mpaka ukauma kweli. Hii haikuwa ya Bi Mdogo. Nje ukasikika mchakacho wa viatu kwenye mchanga, mtu anageuka au anahamisha mzigo, haikujulikana.

"Hodi jamani," sauti ilisema, chini kuliko mara zote.

"Karibu!"

Ilitoka imepasuka, kubwa mno, ikawaamsha wapagazi barabarani. Indravadan alikuwa ameshazunguka meza, akagonga kabati, bobini zikamwagika sakafuni, akafungua mlango wa uani kwa mikono miwili.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sari amefunga vibaya kama mtu aliyeiacha siku nyingi, begi moja begani. Mkononi alishika kikaratasi cha pakiti ya sindano kilichochakaa kwa kukunjwa. Walitazamana. Kutoka juu ya ngazi Bhagwati alipiga ukelele, akaanza kushuka.

"Mwezi wa tano nilituma hodi mbili," Zalak alisema, machozi yanamlengalenga, ila anajikaza. "Zikanirudia zote. Nikamwambia Severine ya tatu ndiyo ya mwisho, nisipojibiwa nanyamaza. Nimekaa miezi minne naiogopa hiyo ya tatu. Nikaituma, ukajibu palepale, baba. Hata sijainuka kwenye kiti. Leo mbona umechelewa?"

Indravadan alimtupia Kuruthumu jicho. Angeweza kuliacha jambo hilo lilivyo. Kuruthumu mwenyewe alikuwa akimwomba moyoni aliache.

"Ile ilikuwa mashine, mwanangu," alisema. "Hii ni mimi."

Kuruthumu alipiga magoti sakafuni akaanza kuokota bobini.